Ubao Mpya wa Herufi

Mara ya kwanza wifi yangu aliponiambia nimlegezee mikono ya miwani yake, nilimlegezea bila neno. Mara ya pili nilimtazama. Mara ya tatu nilimwambia akiendelea hivyo itabidi tuifunge kwa kamba, kama mzigo wa kuni.

"Inanibana hapa," alisema, akigusa panja la kulia, pale kati ya jicho na sikio. "Fanya kazi, wifi. Punguza mdomo."

Huyu ni mjane wa kaka yangu. Kaka ndiye aliyefungua duka la miwani, akatufundisha kazi sote wawili, kisha akatangulia mbele ya haki na kutuacha tukitazamana juu ya kaunta. Waliokuja msibani walinong'ona kwamba mawifi hawa watagawana vioo kabla mwezi haujaisha. Ni miaka kumi na tisa sasa. Tunagombana kila siku ya Mungu na hakuna aliyehama. Tunalala nyumba moja, tunafungua duka pamoja, na jioni tunalifunga pamoja, kila mmoja akikagua kufuli baada ya mwenzake kwa sababu hatuaminiani.

Yeye hukaa chumba cha nyuma na mashine ya kusagia lenzi, na wateja humwita Fundi. Mimi niko mbele. Ninauza fremu, ninabana skrubu, ninanyoosha mikono iliyopinda, na ninawaambia watu wamependeza. Hapo mwisho ndipo ninapofanya kazi kubwa kuliko zote.

Fundi alikuwa na imani moja maishani, na hakuna aliyeweza kumtoa humo. Kwake yeye macho hayana ugonjwa, yana namba. Kichwa kinakuuma? Namba ya miwani imepitwa. Huna usingizi? Namba. Mama mmoja aliwahi kulalamika dukani kwamba mumewe hamsemeshi siku hizi, Fundi akatoa kichwa kutoka chumba cha nyuma na kumwambia amlete huyo mume apimwe, labda hajamwona vizuri. Tulicheka hadi tukashika mbavu. Ndivyo alivyo, na ndiyo maana panja lilipoanza kumuuma hakufikiri hata sekunde moja kwamba mwili wake una neno. Alifikiri fremu.

Tuna kisanduku cha umeme chenye mchanga laini wa moto. Ukitumbukiza mkono wa fremu mle ndani kwa muda kidogo, plastiki inalainika na unaupinda utakavyo. Katika majuma mawili niliitumbukiza miwani ya Fundi mle mara tano. Nilipanua mkono wa kulia, nikapanua zaidi, mpaka miwani yote ikawa inamteleza hadi ncha ya pua na yeye anaipandisha kwa kidole huku akilaani viwanda vya fremu vya siku hizi.

Kulikuwa na mengine, na ninayaeleza yote kwa sababu niliyaona. Alianza kula mkate kwa kuuchovya kwenye chai mpaka ulegee kabisa. Nilimuuliza kulikoni, akasema taya linachoka, akitafuna mara tatu nne linauma kama mtu aliyepanda mlima kwa meno. Nikamwambia ni meno ya bandia, aende akayachongeshe. Asubuhi mabega yalimkaza, akawa ananiita nimsaidie kuvaa sweta. Nikasema uzee huo, karibu kwenye chama. Alipungua, sketi zikawa zinamzunguka kiunoni. Hilo nilimwonea wivu, Mungu anisamehe.

Msusi wa duka la jirani ndiye aliyesema jambo la maana, na hakuna aliyemsikiliza. Alikuja kubadilisha pedi za pua za miwani yake, akaniambia kwa sauti ya chini:

"Dada, Fundi ana nini? Juzi nimemgusa kichwa kwa chanuo akaruka kwenye kiti. Upande huu hapa. Akaniambia nisimchane, nimfunge kitambaa tu."

"Ana ghadhabu," nilimjibu. "Hata mimi simgusi."

Tukacheka na msusi akaenda zake. Kicheko kile nikikikumbuka leo uso unanishika moto.

Kisha ikaja habari ya ukungu. Siku moja nilimkuta Fundi amesimama katikati ya chumba cha nyuma, miwani mkononi, anaisugua kwa kile kitambaa chetu laini. Aliivaa, akaivua, akaisugua tena. Baada ya muda akaivaa na kurudi kwenye mashine.

"Kuna nini?"

"Lenzi ya kulia inashika ukungu. Imechubuka, naona. Nitaisaga nyingine."

Na kweli alisaga nyingine. Alikaa asubuhi nzima akijisagia lenzi mpya ya jicho la kulia, safi, bila mkwaruzo, kazi ya mtu anayeijua kazi. Akaivaa, akasema sasa naona vizuri. Siku mbili baadaye nikamwona tena amesimama palepale, anasugua.

Sasa nifike kwenye ubao.

Duka letu lina kijichumba chenye pazia, kile cha kupimia. Ndani kuna kiti kimoja, na ukutani mbele yake sanduku la taa lenye ubao wa herufi, zile zinazoanza kubwa juu na kuisha ndogo chini. Ubao ule aliununua kaka. Ulikuwa umepauka, pembeni umekuwa wa rangi ya chai, na mstari wa mwisho ulikuwa haueleweki hata kwa mtu mwenye macho ya mwewe. Wateja walikuwa wanafeli kipimo kwa kosa la ubao. Kwa miaka mitatu nilimwomba Fundi tununue mpya, na kwa miaka mitatu alinijibu neno lilelile: "Huo aliuweka kaka yako."

Basi nikachoka. Nikaagiza mpya kimyakimya. Ulipofika, asubuhi yake nilitangulia dukani kwa kisingizio cha kufagia, nikautoa wa zamani, nikaufunga kwa gazeti na kuuweka juu ya kabati, nikautia mpya. Herufi zake ni nyingine kabisa. Wa zamani ulianza na E, huu unaanza na H. Nikazima taa, nikafunga pazia, nikakaa mbele kusubiri vita. Nilikuwa nimeshapanga na majibu. Nilijua akiingia tu mle kumpima mteja nitaitwa kwa sauti itakayosikika hadi kwa msusi.

Fundi alikuja saa mbili kasoro. Alipopita mlangoni bega lake la kulia liligonga stendi ya fremu, fremu nne zikaanguka. Hakugeuka. Nilidhani ananinunia kwa sababu sikumsubiri. Akaenda kwenye meza, akamimina chai kutoka kwenye chupa, na chai ikaenda moja kwa moja mezani, kando ya kikombe, ikatiririka hadi kwenye daftari la maagizo. Akabaki ameshika chupa vilevile.

"Wifi," nilisema, "jicho lina nini?"

"Lina vumbi. Barabara yote leo vumbi tupu."

"Vumbi la kumwaga chai?"

"Usinianze asubuhi."

"Sikuanzi. Kaa kwenye kiti usome ubao. Ukiusoma wote nitafuta hii meza na nitaomba radhi."

Nikiri jambo. Nusu ya moyo wangu ilikuwa na wasiwasi kweli. Nusu nyingine ilikuwa inamvuta tu auone ule ubao mpya, aripuke, tugombane, tumalize. Nilikuwa na hamu ya ule ugomvi kama mtu mwenye hamu ya chai.

"Mimi?" alisema. "Mimi unipime wewe?"

Lakini alikuja. Aliingia kijichumbani gizani, akakaa kitini, akapapasa kile kijiko cheusi cha kufunikia jicho na kuliziba la kushoto, haraka, kama mtu anayetaka jambo liishe. Mimi nikawasha taa ya sanduku. Herufi mpya zikang'aa mbele yetu, nyeusi tititi. Nikajikunja kusubiri kelele.

"E," alisema Fundi.

Nilitazama ubao. Juu kabisa kulikuwa na H, kubwa kama sahani.

"F, P," aliendelea. "T, O, Z. L, P, E, D."

Alikwenda mstari kwa mstari, bila kukwama, karibu bila kupumua, kwa ile sauti aliyokuwa akiwasahihishia wateja kwa miaka yote. Alisoma hata mstari wa mwisho, ule ambao kwenye ubao wa kaka hakuna mtu aliyeuona kwa miaka mitatu. Hakukosea herufi hata moja. Na hakuna hata moja iliyokuwa mbele yake.

"Umeona?" alisema, kijiko bado kiko jichoni. "Haya, kafute meza."

Nikashika pazia. Sikuwahi kuogopa hivyo maishani, hata siku tulipopigiwa simu kuhusu kaka.

"Wifi," nikasema mwishowe, "nimebadilisha ubao."

Akakishusha kijiko polepole, akautazama ubao kwa jicho la kushoto. Nilimwona anasoma. Nilimwona anaelewa. Hakuniuliza ubao wa kaka uko wapi.

"Tangu lini?" niliuliza.

"Jana mchana. Kabla ya hapo lilikuwa linakwenda na kurudi. Kama mtu anashusha pazia, dakika tano, anapandisha. Jana ameshusha, hajapandisha."

"Jana! Na tumekula wote, tumelala, tumeamka, huna la kusema?"

"Niseme nini?" Sauti yake ilikuwa ndogo, si yake. "Niseme Fundi haoni? Nani ataniletea macho yake tena, wifi? Nilidhani nikilala litarudi."

Nilitamani kumpa maneno yake yote siku ileile, pale pale kitini. Badala yake nilimshika mkono, nikamtoa nje, nikashusha mlango wa duka chai ikiwa bado inadondoka kutoka mezani.

Hospitalini, daktari wa macho alikuwa kijana mpole mwenye shati lililochakaa kola. Alimmulika Fundi jicho moja, akahamia la pili, akarudi la kwanza. Akamtia dawa ya matone, akatazama ndani kwa muda mrefu. Kisha akazima kile chombo na kuanza kumuuliza maswali ambayo hayakuhusu macho hata kidogo.

"Mama, kichwa kinauma?"

"Miwani inanibana," alisema Fundi.

"Ukichana nywele?"

Nikajibu mimi: "Hataki kuguswa. Upande huo wa kulia."

"Ukitafuna?"

"Taya linamchoka. Anachovya mkate."

"Mabega asubuhi?"

"Namvalisha sweta mimi."

Kila nilipojibu nilijisikia nazama. Yote nilikuwa nayo. Nilikuwa nimeyaweka kichwani moja moja, kila moja na mzaha wake, na huyu kijana alikuwa anayaokota na kuyapanga kwenye mstari mmoja. Aligusa panja la Fundi kwa vidole viwili, taratibu sana, na Fundi akashtuka. Nami nilipotazama vizuri niliona mshipa pale chini ya ngozi umesimama, mnene, kama uzi uliotiwa mafundo. Nilikuwa nimeinama juu ya panja lile mara tano nikipima mkono wa fremu, na sikuuona.

Daktari aliichukua miwani yake mezani, akaigeuzageuza. Mkono wa kulia ulikuwa umetanuka hadi unachekesha.

"Nani aliipanua hivi?"

"Mimi," nilisema.

Hakunilaumu. Aliirudisha mezani kwa upole. "Miwani haikuwa na kosa," alisema.

Akatueleza kwa maneno ya kawaida. Mishipa inayopeleka damu kichwani na machoni ilikuwa imevimba kuta zake kwa ndani, njia ikawa nyembamba, na kwenye jicho la kulia ikafika mahali damu haikupita tena. Ni ugonjwa wa mishipa, alisema, jicho ndilo limeumizwa tu.

"La kulia, mama, sitakudanganya. Halitarudi. Ninalolikimbilia mimi ni la kushoto. Likiachwa, linaweza kufuata kwa siku chache, au hata leo. Kuna vipimo vya damu, na tutachukua kipande kidogo sana cha mshipa hapa kwenye panja tukakiangalie. Lakini dawa sisubiri majibu. Tunaanza sasa hivi."

Fundi alikuwa amekaa wima, mikono juu ya mapaja. "Hiyo dawa inaponya?"

"Inazuia. Ukiinywa kama nitakavyokwambia, na ukisema mapema chochote kikibadilika. Hapo ndipo tutakaposhinda au tutakaposhindwa."

Aliponitazama mimi na siyo yeye, nilijua ameshamsoma wifi yangu.

Alilazwa, akatundikiwa dripu ya dawa siku tatu. Siku ya kwanza maumivu ya kichwa yaliondoka kama mtu aliyefukuzwa. Siku ya pili alitafuna mkate mkavu, ganda na yote, akatafuna na wangu. Lakini jicho la kushoto lilikuwa ndilo swali, na swali hilo lilikaa nasi kitandani pale kama mgeni wa tatu. Kila asubuhi nilimkuta ameshaanza kujipima. Kulikuwa na kalenda ukutani na tangazo la kunawa mikono mlangoni. Aliyasoma kwa sauti, neno kwa neno.

"Naona vizuri," alisema siku ya tatu, akiwa anatazama dirishani. "'Nawa mikono kabla na baada ya kumhudumia mgonjwa.'"

"Unatazama dirishani, wifi."

Aligeuka. Tukatazamana. Nilidhani atanirukia, lakini macho yake yote mawili yalilengwa na machozi, hata lile lisiloona.

"Mimi siwezi kujiamini," alisema. "Nikisoma kitu mara mbili kimeshaingia kichwani. Miaka yote hii nimekuwa nasoma kwa kichwa. Usiniamini na wewe. Niandikie mpya. Kila siku mpya, nisiyoijua."

Ndivyo nilivyoanza kazi ya kuandika herufi. Nilichukua kalenda ya zamani, nikageuza karatasi, na kwa kalamu nene nikaandika nyuma yake kubwa juu, ndogo chini, bila mpangilio. Kila asubuhi moja. Niliificha chini ya godoro langu kama barua ya mapenzi, na baada ya chai niliibandika ukutani, nikarudi hatua zilezile, naye akasoma. Akimaliza niliichana.

Tuliporudi nyumbani kulikuwa na mambo ya kujifunza upya. Jicho moja halijui umbali. Alipomimina chai alijifunza kugusisha mdomo wa chupa kwenye ukingo wa kikombe kwanza. Mimi nilijifunza kutembea upande wake wa kulia, na kukohoa kabla sijamfikia, maana mara mbili nilimtokea kwa upande ule akanipiga kibao kwa hofu. Mara ya tatu nadhani alikusudia. Dawa ilimpa njaa ya askari na uso wa mviringo.

"Nimenenepa, sivyo?"

"Umevimba kama mto wa kulalia."

"Wewe umevimba bila dawa," alisema, na nikajua anapona.

Mashine ndiyo iliyomtia huzuni. Ukisaga lenzi lazima ujue ukingo wake uko wapi na jiwe liko wapi, na yeye sasa vyote aliviona vimelala juu ya karatasi moja. Aliharibu lenzi tatu siku ya kwanza. Alizima mashine, akakaa, akalia waziwazi, nami nikakaa naye. Kesho yake akaanza kutumia ukucha. Anaweka ukucha wa kidole gumba kwenye ukingo, anasikiliza sauti ya jiwe, anasogeza. Kazi inakwenda taratibu, lakini inakwenda. Ubao wa kaka nilimpa, akautundika mle chumba cha nyuma juu ya mashine, mahali ambapo hapimwi mtu.

Kila tulipokwenda kliniki daktari alipunguza vidonge kidogo. Alituonya kwamba hapo katika kupunguza ndipo ugonjwa hupenda kurudi. Fundi aliitikia kwa kichwa. Mimi nilimtazama akiitikia, na nasema kweli, sikumwamini. Mtu aliyeficha jicho zima kwa siku nzima, ataacha kuficha maumivu ya saa moja? Nilianza kumchunguza anavyotafuna. Nilisimama mlangoni kwake asubuhi anapochana nywele nikajitia natafuta pini. Nilichoka, na bado sikuweza kuacha.

Mwezi wa tano hivi tangu alipolazwa, saa nne asubuhi, nilikuwa na mteja mbele yangu, mwalimu mstaafu mwenye kichwa kipana ambaye kila fremu inamkataa. Kisanduku cha mchanga kilikuwa kimeshapata moto. Pazia la chumba cha nyuma likafunguka, Fundi akatoka, miwani mkononi.

"Wifi," alisema, "inaniuma hapa."

Mkono wangu ulikwenda wenyewe. Naapa sikuutuma. Nilipokea miwani, nikageuka, na mkono wa fremu ulikuwa umeshagusa mchanga.

"Siyo miwani," alisema nyuma yangu.

Niligeuka. Alikuwa amesimama katikati ya duka, mbele ya mteja, mbele ya mlango uliokuwa wazi na watu wanapita. Alikuwa ameweka kiganja kwenye panja la kushoto.

"Limeanza asubuhi hii nilipojigusa kwa chanuo," alisema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kila mtu asikie. "Na mkate umenichosha taya. Kuona bado naona. Funga duka twende."

Mwalimu mstaafu alinitazama, akamtazama yeye. Nilichomoa plagi ya kisanduku ukutani. Nikamwomba mwalimu radhi, naye mwenyewe akatusaidia kushusha mlango.

Njiani nilikuwa upande wake wa kulia, nimemshika kwapani, na kila baada ya hatua chache alinitajia kitu: kibao cha duka la dawa, namba ya gari lililosimama, rangi ya blauzi ya mama aliyekuwa anavuka. Nilielewa anachofanya. Alikuwa ananitolea hesabu ya jicho lake, nisije nikahangaika kuuliza.

Daktari alipima damu, akagusa panja, akatazama ndani ya jicho la kushoto kwa muda uleule mrefu. Nilihesabu vigae vya sakafu. Alipoinua kichwa aliuliza maumivu yameanza lini.

"Leo saa moja na nusu," alisema Fundi.

Aliangalia saa yake. Ilikuwa haijafika saa sita. "Jicho halijaguswa," alisema. "Tunarudisha dawa juu, tunaanza hapahapa. Kesho asubuhi mkiona mabadiliko yoyote, mje mbio. Yasipokuwepo, tumewahi."

Kesho asubuhi, basi.

Niliamka kabla yake, nikachukua karatasi ya kalenda na kalamu. Herufi zangu, ambazo hazijawahi kuwa nzuri, siku ile zilitoka kama kuku walioshtushwa. Nikabandika ukutani kwenye chumba cha kulia. Yeye akaja, akasimama kwenye mstari wetu, akaliziba jicho la kulia kwa kiganja ingawa halina cha kuzibwa. Huwa anafanya hivyo. Anasema ni heshima ya kazi.

"N," alisema.

Ilikuwa N.

"A... V." Alisogeza shingo mbele kidogo. "R. H. K, hapana, ngoja. Ndiyo, K."

Hakukimbia kama siku ile kijichumbani. Alikwenda mdogo mdogo, akikunja uso, akirudi nyuma, akihakikisha. Nilimfuata kwa macho herufi kwa herufi. Mstari wa nne ukapita. Wa tano ukapita. Akafika wa mwisho, zile ndogo kabisa.

"T. M. C. Y... L."

Nilitazama karatasi. Nilitazama mara ya pili kuwa na uhakika.

"Umekosea moja," nilisema.

"Ipi?"

"Ya tatu. Siyo C. Ni G."

Siku ile ya ubao hakukosea hata moja. Nilikaa kwenye kiti nikaanza kulia, machozi ya furaha yasiyo na haya, mikono yote usoni. Sijawahi kushukuru kosa la mtu kama nilivyolishukuru lile.

Fundi alinitazama kidogo. Akaenda hadi ukutani, akasogeza pua karibu kabisa na karatasi, akakagua ile herufi kwa muda.

"Hii ndiyo unaiita G?" alisema. "Lete kalamu hapa."